Aproni Iliyofuliwa

Wewe umepita hapa. Usinikatalie, nimekuona kutoka dirishani, juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Umesoma kibao, MAKUMBUSHO YA MAVAZI, INGIA BURE, kisha ukageuza shingo upesi kama mtu aliyeitwa kufagia.

Mimi shule niliiacha darasa la nne. Mengine nimejisomea. Miaka kumi na tisa nilishona mifuko ya suruali kiwandani, hadi siku niliyochoka kunyamaza nikapanda juu ya meza ya kukatia na kupiga kelele. Tangu hapo naitwa Kipaza. Namkumbuka kila msimamizi aliyetutukana, na shati alilovaa siku hiyo.

Makumbusho tuliyaanzisha watu kumi na mmoja, wote wa kujitolea. Vyumba ni viwili. Cha kwanza kina magauni ya harusi na makoti ya wakubwa, na wageni hukaa humo wakipiga picha. Cha pili kina nguo za kazi: ovaroli, sare za wapishi, kofia za manesi. Humo watu hupita kama wanaokimbia mvua. Miaka ikaenda. Wenzetu wengine walifariki, wengine walihama, mmoja aligombana nami, na aliyekuja kutupatanisha nikagombana naye pia. Tukabaki wawili: mimi na Bi Pindo, fundi cherehani mstaafu ambaye pindo lake hulioni hata uvae miwani miwili.

Kamati ya jengo ina sharti: hapafunguliwi bila wahudumu wawili, mmoja mlangoni, mwingine ndani. Mlango ukifungwa Jumamosi tatu mfululizo, vyumba wanapewa wengine.

Sasa sikiliza nilivyoharibu.

Katika chumba cha pili kulikuwa na aproni ya marehemu mama yangu. Aliivaa siku kiwanda kilipomfukuza pamoja na wenzake wanane kwa kudai choo cha wanawake. Kabla ya kutolewa getini, waliandika kwa penseli ndani ya mfuko wake majina waliyokuwa wakiitana. Tisa. Hapakuwa na maandishi mengine popote duniani yaliyosema kwamba wanawake wale waliwahi kusimama pamoja.

Jumamosi moja nilifika nikaikuta inang'aa. Imefuliwa, imepigwa pasi. Nikageuza mfuko: mweupe.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," alisema Bi Pindo, kwa fahari kabisa. "Ilikuwa na doa la mafuta hapa kifuani. Fundi hatoi nguo chafu mbele za watu."

Ulimi hauna mfupa. Mbele ya wageni sita nilimwita kipofu, nikamwita kibaraka, nikamwambia amewafukuza wale wanawake mara ya pili. Alivua tepu ya kupimia shingoni, akaikunja, akaweka ufunguo mezani, akashuka ngazi moja moja huku ameshika ukuta.

Jumamosi iliyofuata sikufungua. Ya pili pia. Nilikaa ndani peke yangu nikipiga brashi makola, nikayasemesha makoti. Makoti hayana ubishi, na sikujua kwamba ubishi ndio niliokuwa nikiufuata pale miaka yote.

Jumatatu nikaenda kwake. Mkwewe alinifungulia; sebuleni kulikuwa na mabegi matatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Kipaza. Umekuja na kelele au umeziacha nje?"

"Nimeziacha."

"Basi keti. Kesho kutwa mwanangu ananichukua nikaishi kwake. Macho yamekwisha. Hayo maandishi, mwanangu, sikuyaona."

Miaka yote ile, na sikuwa nimeuliza kwa nini anashika ukuta.

"Kiwandani, cherehani yangu na ya mama yako zilikuwa jirani," akaendelea. "Asingekubali kuonekana na doa. Nilimfulia yeye, si nguo."

Nikainama. Nilitaka kuomba radhi, maneno yakagoma. Mimi, wa kupanda mezani!

"Unayakumbuka majina yao tisa?" akauliza.

Nilianza kwa kishindo, na kwenye jina la sita nikakwama. Mimi ninayekumbuka mashati ya wasimamizi.

"Mashati ya nini?" akacheka nilipomwambia. "Andika. Mrefu. Mama Pacha. Kicheko. Yule wa Mlangoni. Sindano. Bibi Harusi, ambaye hakuolewa. Kaka, kwa sababu ya sauti yake. Chumvi. Na mama yako, Saa Sita, maana alikuwa hakosi chakula."

Niliandika yote tisa. Akanisindikiza hadi kizingitini, akanipapasa kola, akainyoosha. Jumatano akaondoka.

Majina nimeyabandika kando ya aproni. Hayajasomwa na mtu. Jumamosi hii ndiyo ya tatu, na kidole kimoja hakivunji chawa. Nimegonga milango ya wote niliogombana nao. Mmoja alinisikia sauti, akazima redio ili nidhani hayupo.

Kwa hiyo nakuambia wewe. Huhitaji kujua kushona, wala kunipenda. Kuna kiti mlangoni na daftari la wageni. Jumamosi, saa tatu kamili asubuhi, kamati wanakuja kukagua. Panda ngazi, ukae kwenye kile kiti. Njoo.