Kabati na Sindano za Ijumaa

"Mwili huu," alisema Kabati, akajipiga kifua mpaka vikombe vikatikisika mezani, "haujawahi kuonja sindano tangu chanjo za utotoni. Chuma, mayai na usingizi, basi! Mwenye shida humu ndani si mimi."

Wasikilizaji walikuwa watatu: mama yake mzazi, aliyekuwa akiitikia kwa kichwa kila neno, mjomba wake, aliyeshughulika zaidi na mkate, na mke wake, fundi cherehani, aliyeinamia mashine akilipanua kwapani shati la huyo huyo mwenye mwili.

Jina la Kabati alilipata kazini, kwenye duka la samani, ambako alibeba makabati mpaka akafanana nayo. Mlangoni alipita kiubavu. Shingo ilikuwa imehama zamani, na hakuna aliyejua ilikohamia. Miaka minne ya ndoa, mtoto hakuna, na kwa kuwa mwanamume mwenye mikono minene kama mapaja hawezi kuwa na kasoro, lawama zote zilimwangukia mke. Mama mkwe alishamnywesha mizizi ya kila rangi. Sasa uvumilivu ulikuwa umemwishia: waende kliniki wakapimwe, na kama tatizo ni mke, mwanawe atafutiwe mwingine.

"Na mjomba wako atakwenda nanyi," mama alitangaza. "Ashuhudie mwenyewe. Sitaki kuletewa majibu ya kupikwa."

Chai ikampalia Kabati.

Maana ukweli wenyewe, tuseme tu, ni kwamba mwili ule ulikuwa umetobolewa kuliko chujio. Pale jimu, alikokwenda kunyanyua chuma, kulikuwa na jamaa aliyejiita Profesa, ingawa hakuna aliyejua alisomea nini, na yeye ndiye aliyekuwa akimletea vichupa vya dawa ya misuli. Kikwazo kilikuwa kimoja: dawa ilichomwa takoni, na mikono ya Kabati ilikuwa imejaa hadi haifiki nyuma. Alijaribu. Alizunguka chumbani kama mbwa anayefukuza mkia wake, akaishia kulichoma godoro. Profesa naye alisema urafiki wao haujafika huko. Ndipo Kabati akamkumbuka mjomba, ambaye kabla ya kustaafu kazi yake ilikuwa kuchanja ng'ombe.

"Ni vitamini za mgongo, mjomba. Ila iwe siri yetu, watu wasije wakadhani naumwa."

Mjomba alikubali kwa furaha ya mstaafu aliyerudishwa kazini. Kila Ijumaa walijifungia chumbani "kuzungumza mambo ya ukoo." Utaratibu wake ulikuwa ule ule wa zizini: humpiga mgonjwa paja kwa kiganja, pa, pa, akambembeleza, "Tulia, tulia, dume langu," kisha chwi! Mke, huko sebuleni, alisikia yale makofi akadhani mambo ya ukoo ni mazito.

Kliniki ilikuwa ghorofa ya tatu. Mjomba alipanda ngazi akipiga mluzi. Kabati alifika ghorofa ya kwanza akasimama mbele ya bango la faida za kunyonyesha.

"Unasoma nini, baba?" mjomba aliuliza kutoka juu.

"Najielimisha," alijibu Kabati, jasho likimchuruzika. Moyo ulikuwa ukigonga kama mtu aliyefungiwa chooni. Ghorofa ya pili kulikuwa na bango la kunawa mikono, nalo alilisoma lote, pamoja na jina la kiwanda kilicholichapa.

Muuguzi alimfunga mkononi kile kitambaa cha kupimia presha. Kikajaa, kikafyatuka, kikaruka hadi dirishani. Akaleta kikubwa zaidi, akapima, akapima tena, akaandika namba na kuipigia mistari miwili. Ule mstari wa pili ndio uliomtisha Kabati. Alipelekwa kupigwa picha ya moyo, akatoa na vipimo vingine ambavyo mtu havisimulii mbele ya wakwe.

Walipoitwa kupewa majibu, Kabati alijaribu bahati yake. "Mjomba, pumzika hapo kwenye benchi."

"Nimetumwa kushuhudia, sikutumwa kupumzika," mjomba alisema, akawa wa kwanza kuketi.

Daktari, mama wa makamo mwenye miwani, alianza na mke. "Dada, wewe uko salama kabisa. Huna tatizo lolote."

Mke akashusha pumzi ambayo huenda aliivuta mwaka wa kwanza wa ndoa.

"Kaka, kwako mbegu hazipo. Sisemi chache. Hazipo."

"Mashine imekosea! Hebu nitazame, daktari!" Kabati akajitutumua, kifungo cha shati kikaruka na kutua juu ya meza. Mke akakiokota, akakitia mkobani. Ufundi hauna likizo.

"Nakutazama, ndiyo maana nauliza," alisema daktari. "Kuna sindano za misuli unazochoma? Ukiumwagia mwili homoni kutoka nje, unaona hauna haja ya kuhangaika, unafunga kiwanda chake. Wengine kiwanda hufunguka baada ya miezi, wengine miaka, wengine hakifunguki. Na presha hii si ya umri wako. Moyo nao umeanza kunenepa. Ni msuli ule, kaka, lakini huo hatutaki ujae. Nikijua unachotumia, nitakusaidia. Usiponiambia, nitabahatisha."

Kabati akamtazama mkewe. Ukweli ulimpanda hadi kooni, ukachungulia, akaumeza.

"Haki ya Mungu, daktari, mwili huu haujawahi kuonja sindano."

Kwenye kiti cha pembeni mtu alikohoa.

"Haujawahi?" mjomba akauliza.

"Mjomba, tafadhali..."

"Nimechanja ng'ombe maisha yangu yote, hakuna hata mmoja aliyenikana! Kwani kila Ijumaa huwa nachoma nani, ukuta?" Mzee alikuwa amesimama, amechafukwa kweli kweli. "Daktari, wiki hii tako la kulia, wiki iliyopita la kushoto. Nabadilisha, asije akaota jipu. Kazi safi! Mtazame anavyokaa!"

Wote wakamtazama. Kabati alikuwa amekaa upande mmoja, kama kabati lililovunjika mguu.

"Vitamini za mgongo," mjomba aliendelea, akitoa kichupa kitupu mfukoni. "Hata nilikuja nacho, nikuulize kama zipo za magoti."

Daktari akasoma kichupa, akavua miwani.

Mke hakupiga kelele. "Kumbe ndiyo mambo ya ukoo," alisema. Kisha akamgeukia mzee. "Mjomba, ulitumwa ushuhudie?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Umeshuhudia?"

"Kwa macho na masikio."

"Basi kamwambie mama hivyo hivyo, usipunguze neno. Na ile mizizi iliyobaki, atainywa huyu."

Kabati akafungua mdomo kujitetea, lakini muuguzi alikuwa ameshaingia na bomba la kumtoa damu ya vipimo vingine. Alipoiona ile sindano, yule bingwa wa chuma na mayai akaanza kuinuka.

Mjomba akamwekea kiganja pajani. Pa, pa.

"Tulia, tulia, dume langu."

Na Kabati, kwa mazoea, mbele ya daktari na mke wake, akajigeuza mwenyewe na kushika mkanda wa suruali.

"Mkono tu, kaka," alisema muuguzi.