Tangazo la Kifo cha Orana

Mstari mmoja! Kwa miaka tisa Nevena alikuwa akimwandikia Orana maneno yake, yule mvushaji aliyempokea kila mchezaji mgeni kwenye mto wa kwanza wa mchezo wao wa mtandaoni na kumtukana kwa mapenzi. Sasa, katika toleo la nyongeza, Orana alikuwa anauawa ndani ya barua ambayo mchezaji angeisoma tu: "Orana alifia vitani." Basi. Mwana wa mfalme, muuaji mkubwa wa hadithi hiyo, alipewa dakika ishirini za kueleza jinsi alivyokosa kupendwa utotoni.

Haki isemwe, toleo lilikuwa na utamu wake. Kisa cha mjane anayewaaga nyuki wake kiliwaliza hata waliokuwa wakilijaribu, watu wenye roho ngumu. Lakini ukitoka vijijini na kuingia kwenye hadithi kuu, ni makelele matupu, na watu wanakufa kama hawakuwahi kuishi.

"Mazishi ya Orana uliyoandika nimeyaondoa," alisema Kamen, mkuu wa studio. "Yanachelewesha vita. Zimebaki wiki mbili, Nevena, usiniletee vituko."

Nevena akaleta vituko. Alichapisha tangazo la kifo kama yale yaliyojaa kwenye miti na milango ya mji wao wa Plovdiv kila anapofariki mtu: fremu nyeusi, msalaba, sura ya Orana, umri miaka sitini na mitatu. Akalibandika mlangoni pa studio.

"Libandue, au kusanya vitu vyako," Kamen alifoka.

"Sibandui ng'o! Nifukuze."

Walikuwa bado wanazozana pale mlangoni alipotokea Bibi Tsvetana, jirani wa ghorofa ya juu, kajifunga kitambaa cheusi na kubeba bakuli la ngano ya kuchemsha yenye sukari.

"Poleni, wanangu. Nimesoma tangazo, nikasema nimpikie marehemu."

Akamtilia Kamen kijiko kizima kiganjani. Ngano ya marehemu haikataliwi. Kamen alinong'ona, "Mungu amsamehe," akala.

"Alikuwa mwenzenu?"

"Miaka tisa, bibi," Nevena alidakia.

"Masikini! Alikufaje?"

Bibi alimuuliza Kamen, kwa kuwa ndiye mkubwa. Kamen akamtupia Nevena jicho la kuomba msaada. Nevena alimwonea huruma bibi, si yeye, akakunja mikono.

"Mwambie, bosi. Kwa mstari mmoja."

"Alifia... vitani."

"Vita gani? Alikuwa na nani? Nani alimfumba macho?"

Kamen alitafuna ngano ambayo ilikwisha kitambo. "Hatujui, bibi."

"Hamjui!" Bibi Tsvetana alimpokonya kijiko. "Miaka tisa mmekaa naye, na hamjui! Hamna haya?"

Akapanda ngazi akilalama peke yake. Kamen alibaki akilitazama tangazo, masikio yamemwiva kwa aibu.

"Yarudishe mazishi," alisema hatimaye.

"Yote?"

"Yote. Na uandike nani alimfumba macho."