Ukuta wa Kitanda cha Binti

Umbea huo mama mmoja aliuokota dukani alipokwenda kununua chumvi: kuna fundi mmoja, tangu ardhi itikisike, anaziba nyufa kwa magazeti, anapaka plasta juu yake, na rangi juu ya plasta. Jina hakutajiwa. Alirudi nyumbani bila chumvi, maana aliyeziba ufa wa chumba cha binti yake alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe.

Ufa wenyewe ulianzia uani, ukakata sakafu, ukapanda ukutani mpaka darini. Siku alipomaliza kazi shemeji alijipiga kifua: "Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimeziba, shemeji. Mlaze mtoto kwa raha."

Lisemwalo lipo. Yule mama akavuta kitanda cha binti, akakwangua plasta kwa kijiko. Likatoka gazeti, kurasa za michezo. Nyuma yake mkono ulizama mpaka kiwiko. Hakulia. Alirudisha gazeti, akapaka jasi juu, akamhamishia binti chumbani kwake. Kisha akawaalika shemeji na mama mkwe chakula cha mchana.

Wakala wakashiba. Shemeji akapiga mwayo.

"Kajinyooshe chumba cha binti," mama wa binti akamwambia kwa sauti ya asali. "Nimekutandikia shuka mpya."

"Hapa kwenye kochi panatosha, shemeji."

"Kochi la nini na kitanda kipo? Au chumba kina nini?"

Mama mkwe akacheka. "Nenda, baba. Mwenzio kahangaika kutandika, wewe unaringa."

Akaenda. Punde wakasikia kitanda kinaburutwa. Walipofungua, kitanda kilikuwa kimesogezwa mpaka mlangoni, na shemeji ameketi ukingoni, viatu miguuni, jasho linamtoka.

"Mbona umekikimbiza kitanda?" mama mkwe akauliza.

"Ukuta ule si wa kuuamini, mama."

"Kumbe. Na mjukuu wangu amelala wapi mwezi mzima?"

Mama wa binti akamwekea shemeji nyundo mkononi. Akabomoa mwenyewe, majirani wamejaa dirishani, magazeti yanamdondokea miguuni.

"Tusomee basi," jirani mmoja akasema, "tujue nani alifunga goli."

Watu wakacheka. Mama wa binti hakucheka. Aliyakusanya magazeti yale kwenye ndoo, na mpaka leo akisikia shemeji ameitwa kazi mahali, anabeba ndoo yake anamtangulia. Mumewe alimwomba asamehe, damu ni damu. "Ipi?" akamjibu. "Ile ambayo ingemwagika kitandani?"

Na kila nyumba anayoingia na ndoo, huacha maneno haya:

Usimlaze mtoto kando ya ukuta wenye ufa, hata ukipakwa rangi mpya.

Usizibe ufa kabla hujajua umeanzia wapi. Ukitoka ardhini, plasta haiuwezi.

Usijenge pale ardhi ilipopasuka.

Ardhi ikitikisika, usisimame karibu na ukuta wala dirisha.

Usimwamini fundi kwa sababu ni ndugu.

Usimruhusu aondoke kabla hajalala chumba hicho yeye mwenyewe.