Filta Nyekundu na Lita Arobaini na Tano

Saa moja na dakika kumi asubuhi, bomba la dizeli lilijifunga lenyewe kwenye lita kumi na mbili na nusu. Mkaguzi wa vipimo, ambaye kazi yake ni kupima mabomba ya vituo vya mafuta, aliandika namba hiyo chini ya ile ya jana: kumi na mbili nukta nne. Barabara ilikuwa ileile, kilometa mia moja, mwendo wa themanini. Jana gari lilikuwa na filta nyekundu ya hewa, ile ya kuoshwa, inayouzwa kwa ahadi ya kupunguza ulaji wa mafuta. Leo lilikuwa na ya karatasi, iliyokuja na gari.

Baba yake, mwenye gari, hakushuka; lilikuwa gari la nyumba, lenye kitanda na jiko nyuma.

"Ngapi?"

"Tofauti ni sifuri nukta moja. Bomba kujifunga lenyewe tu huweza kupishana zaidi ya hapo."

Fundi wa kituoni, muuzaji wa filta hiyo, ambaye kila mtu alimwita Dokta, alikuwa akifuta mikono kwa tambara. "Mzee, mwanao anataka kuniharibia jina. Daftari lako linasemaje?"

Daftari lilisema hivi: mwezi wa nne, kabla ya filta, lita kumi na tisa na nusu kwa kilometa mia. Mwezi wa sita, baada ya filta, kumi na mbili na nusu. Hesabu haikuwa na kosa. Baba aliendesha malori miaka thelathini na moja, na daftari lake lilikuwa na safu mbili tu, lita na kilometa, kama kampuni ilivyomzoesha.

Safari ya mwezi wa nne ilikuwa ya kumpeleka mkewe, mgonjwa aliyepumua kwa mashine ya oksijeni, akamwone mdogo wake, kilometa mia sita. Wiki hiyo vituo vya njiani vilikuwa vimeishiwa dizeli, na muuguzi wake alikataza kubeba madumu ya mafuta ndani ya gari lenye mashine ya oksijeni. Tangi lilikuwa la lita tisini. Walipofika kilometa mia mbili na thelathini, lita arobaini na tano zilikuwa zimekwisha. Baba akageuza gari. Mama alifariki siku ya tisa baada ya kurudi. Mdogo wake aliwahi mazishi.

Wiki moja kabla ya safari, Dokta alikuwa amemwonyesha baba filta nyekundu, naye akaicheka. Aliifunga mwezi wa sita, na tangu aone namba mpya alikuwa na neno moja tu: "Ningeifunga mapema, mama yako angemwona mdogo wake."

Mkaguzi, binti yake, alitoa mfukoni kadi ya mashine ya oksijeni. Mashine ilikuwa ikihesabu saa zake, na mama alizinakili kwa penseli kila waliposimama.

"Mpaka mnageuza, saa kumi na tisa. Tatu mlikuwa mnatembea. Kumi na sita mmesimama ili mama apumzike na alale, injini inaunguruma ili mashine ipate umeme. Lita moja kwa saa, baba. Mwezi wa sita ulikuwa peke yako, ukifika unazima. Filta isipoziba, rangi yake haibadilishi kitu. Hata ungefunga kumi, msingefika."

Dokta alikunja tambara. "Pole, mzee." Akarudi kwenye karakana yake.

Baba aliichukua kadi.

"Aliniambia nizime."

"Nani?"

"Mama yako. Alisema zima, tutunze mafuta, nitajikaza. Nikamwambia tulia wewe, gari likisimama halili kitu."

"Ungezima asingefika asubuhi."

"Najua."

Alichukua daftari, akachora safu ya tatu pembeni ya zile mbili, akaandika juu yake "saa", na kwenye mwezi wa nne, "16". Kisha akawasha injini. Gari halikuondoka; liliunguruma palepale, kama usiku ule. Saa mbili kasoro dakika tano, alizima, kama mkewe alivyomwambia.