Sindano ya Mafua

Inshirah alikuwa akishona kola huku kajifunga leso puani, maana kila akiinama kamasi ilitaka kudondokea shati. Mashati yenyewe meupe, ya wanafunzi, na doa moja hukatwa kwenye mshahara. Shati likitoka kwake linakwenda kwa Mama Karam wa vifungo, kisha kwa wa pasi; yeye akikwama, safu nzima imekwama.

Fundi Rifaat, msimamizi wao, alikuja akikung'uta mashati mawili mbele ya uso wake.

"Kola zimepinda kama mkia wa mbwa. Unashona au unaota?"

"Nina homa, fundi. Mifupa yote inaniuma."

"Sasa si uende kwa Tolba wa duka la dawa ukachomwe sindano ya mafua? Wenzako wote wameshachomwa. Nenda saa hii ya chai, urudi mzima."

Pale Mahalla, mji wa viwanda vya nguo, hakuna asiyeijua sindano ya mafua. Antibayotiki, dawa ya uvimbe na dawa ya maumivu huvutwa pamoja ndani ya bomba moja, unachomwa nyuma ya pazia la duka la dawa, na jioni unajiona umefufuka. Mama hupeleka wanawe kabla ya mtihani, na bwana harusi huchomwa asubuhi ya harusi yake. Ratiba, dadake Inshirah, naye alichomwa na Tolba huyo huyo, baridi ya mwaka jana. Midomo ilimvimba hata hajateremsha mkono wa gauni. Walimtoa nyuma ya lile pazia wamembeba, na nyumbani hakurudi. Watu wakasema siku zake zilikuwa zimefika.

Inshirah hakwenda kwa Tolba. Alivuka barabara hadi zahanati, kwa Daktari Mirvat, binti mdogo aliyevaa koti la sufu juu ya lile jeupe kwa sababu kipasha joto kiliharibika zamani. Daktari alimtazama koo, akamsikiliza mgongoni na kifuani bila haraka, akasikiliza na habari ya Ratiba.

"Kifua safi, mama. Haya ni mafua ya virusi, na antibayotiki haiui virusi. Ile sindano utachomwa bure. Tena kwa yaliyompata dadako, wewe usiiguse kabisa."

"Dawa yangu ni nini, basi?"

"Kulala. Unywe vitu vya moto, umeze vya kutuliza homa, ulale siku mbili tatu."

"Haya, niandikie mapumziko."

Daktari akainamisha macho. "Mafua hayaandikiwi mapumziko. Wakubwa wametukataza. Nikikuandikia wewe leo, kesho kiwanda kizima kiko mlangoni kwangu."

"Kwa hiyo dawa unaijua, ila kunipa huna ruhusa."

Binti wa watu alifungua mkoba wake mwenyewe, akamtolea vidonge vya homa, akamkunjia kwenye kipande cha karatasi.

Inshirah aliporudi kiwandani alimkuta Tolba kasimama kando ya mashine yake, bomba tayari mkononi. Rifaat ndiye aliyemwita.

"Nimekufuata mwenyewe kama malkia," Tolba akacheka. "Kunja mkono wa gauni tumalize. Mkono wangu mwepesi, hutasikia kitu."

"Na Ratiba ulimwambia hivyo hivyo."

Cheko likamkauka. "Ile ilikuwa kazi ya Mungu, dada."

"Usimsingizie Mungu. Bomba ulishika wewe."

Mashine za jirani zikapunguza mwendo. Rifaat akapandisha sauti. "Sikiliza, we mwanamke. Uchomwe ushone, au utoke. Na ukitoka usirudi, wasichana wanaotaka kiti chako wamejaa getini."

Inshirah alimeza kidonge kwa chai iliyokwisha poa. Akavuta sanduku la vitambaa vilivyokatwa vibaya, akavitandika sakafuni baina ya mashine mbili, akavilainisha kwa kiganja kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni. Kisha akalala, akajifunika mtandio hadi shingoni.

"Ndiyo nini hii?"

"Daktari kasema nilale. Wa kuniruhusu nilale kwangu hayupo, basi nalala hapa. Sijatoka, fundi."

"Amka! Utajuta jioni!"

"Jioni nitakuwa nimelala."

Tolba alilivisha bomba kifuniko chake, akalitia mfukoni, akapita katikati ya safu bila kuaga. Rifaat akamgeukia Mama Karam. "Mnyanyue mwenzio!"

Mama Karam alikuwa na kikohozi chake mwenyewe tangu juzi, na sindano alikwisha chomwa. Alizima mashine, akavua shali yake ya sufu, akamfunika Inshirah miguu, akaichomeka vizuri pande zote. Nyuma yake mwenye pasi naye akaizima.

"Nani kawaambia mzime?" Rifaat alifoka.

"Kola hakuna, fundi," akasema Mama Karam. "Na hiyo sauti ishushe. Kuna mgonjwa hapa."