Wa Sitini au wa Thelathini

Lamont Gaddis alikuwa na roho ya kwa nini, na sioni sababu ya kumfichia, maana mkewe mwenyewe alikuwa akimwambia hivyo mezani watoto wakisikia. Miaka kumi na mitatu amecheza mpira wa kikapu wa kulipwa, mitano ya mwisho hapa Kansas City, na kazi yake ilikuwa moja tu: kusimama ukuta. Anajipanga njiani na mwili wake wote ule, beki wa timu pinzani anakuja kumgonga puu, na nyuma yake Tavion Prewitt anapita peupe kwenda kufunga. Mbavu zinazouma ni za Lamont, makofi ni ya Tavion. Jezi zinazouzwa madukani ni za Tavion, na watoto wa Lamont, watoto wa kuwazaa mwenyewe, ndizo wanazovaa!

"Zivueni hizo," aliwaambia siku moja.

"Waache watoto," akasema Renita, mkewe. "Yako tuliikosa saizi yao."

"Mliikosa saizi, au haikuwepo kabisa?"

Renita akacheka, akaenda zake jikoni.

Basi Julai ile mkataba wa Tavion ukaisha, na mji mzima ukabaki na zogo moja: apewe mkataba wa dari au asipewe? Ligi imeweka dari ya mshahara, na hata uwe nani, hulipwi dola moja kupita hapo. Kwa Tavion dari ilikuwa milioni arobaini na tano kwa mwaka. Kwa vinyozi, kwenye foleni za nyama ya moshi, redioni, kila mtu profesa. Hawa wanasema mtu mmoja hashindi ubingwa, ukimjazia yeye mfuko wenzake watakula nini? Wale wanasema mpe, mpe leo hii, kesho utamwona na jezi ya watu. Lamont akisikia tu anazima redio ya gari. Mkataba wake nao ulikuwa umeisha, na hakuna aliyepiga simu redioni kuuliza habari zake.

Pesa alikuwa nazo, msimwonee huruma kwa hilo. Alichokosa ni pete ya ubingwa. Ana miaka thelathini na minne, goti la kushoto limeanza kumgomea, na alijua fika amebakiza misimu miwili. Asipoipata katika hiyo miwili, ndiyo basi tena.

Asubuhi moja Bernard Oakes, meneja mkuu wa timu, akamwita ofisini.

"Kaa, Lamont. Kwanza ujue mkataba wako wa miaka miwili upo, Tavion abaki asibaki. Kwa hiyo nijibu bila woga."

"Uliza, bosi."

"Mchezaji wa milioni sitini, ukimlipa arobaini na tano kwa sababu dari imekuzuia, umemwokota. Hapo ndipo ubingwa unapotoka. Mchezaji wa thelathini ukimlipa hiyohiyo arobaini na tano, umejitia kitanzi miaka mitano. Sasa niambie, Tavion ni wa sitini au wa thelathini?"

"Una watu wa hesabu wamejaa huko chini. Waulize wao."

"Nimewauliza. Wanasema wewe ukiwa uwanjani anafunga anavyotaka, ukikaa benchi anapungua. Hawajui kama ni yeye au ni ukuta wako. Anayejua ni wewe."

Lamont alijua. Jamani, alijua vizuri sana! Februari alipoteguka mguu, alikaa benchi na suti yake, akamwona Tavion akifunga pointi arobaini na moja usiku mmoja bila ukuta wa mtu yeyote. Siku mbili hakusema na mtu nyumbani. Huyo alikuwa mchezaji wa sitini, pengine hata sabini.

Na angesema, neno lilishafika mdomoni. Lakini macho yake yakaangukia picha iliyolala juu ya meza. Lilikuwa bango la kutundikwa kwenye jengo la ghorofa kumi katikati ya mji, endapo Tavion atasaini. Tavion yuko angani na mpira wake, anang'aa. Pembeni kabisa, pale picha ilipokatwa, kimebaki kiwiko cha mtu chenye kovu refu.

"Hiki ni kiwiko changu," Lamont akasema.

Oakes akainama kutazama. "Eh! Kumbe. Watakifuta hicho, usijali."

Watakifuta! Wivu ukampanda Lamont.

"Ni wa thelathini," akasema. "Mwondolee ukuta uone."

Oakes akashusha pumzi. "Asante kwa kuniambia ukweli."

Siku ya tatu ikatangazwa kwamba Kansas City wamemnyima Tavion dari, na San Diego wamekubali kumpa yote bila kupepesa macho. Watu walilia redioni, watu wazima na ndevu zao. Lamont alikula mbavu sahani mbili.

"Una nini wewe leo?" Renita akamuuliza.

"Nina njaa. Kula nako kosa?"

Simu yake ikaita, jina la Tavion kwenye kioo. Anataka kuniringia huyu, Lamont akawaza, akaiacha iite mpaka ikachoka. Iliita mara tano siku ile.

Kesho yake saa nne asubuhi akasaini miaka yake miwili. Alikuwa ndiyo kwanza anaegesha gari mbele ya nyumba simu ilipoita tena, na safari hii akapokea, maana aliyeshiba haogopi maringo ya mtu.

"Mzee Ukuta! Unanitesa, simu hupokei!"

"Hongera, bwana mkubwa."

"Hongera baadaye. Usisaini kitu, umenisikia? Nimewaambia San Diego siweki sahihi mpaka wakuchukue na wewe. Wamekubali! Kila kitu wanacho kule, wamekosa ukuta tu. Tunakwenda kukuchukulia pete yako, Mzee!"

Lamont aliushika usukani kwa mikono miwili, na gari limeshazimwa.

"Nimesaini asubuhi hii."

"Unanitania."

"Sikutanii. Hapahapa, miaka miwili."

Sauti ya Tavion ikashuka.

"Dah. Mimi mwenyewe nilitaka kubaki, ujue. Tungeichukua hapohapo nyumbani. Oakes anasema kuna mtu kamwambia mimi ni wa thelathini, sijui ni nani huyo. Nikamwambia wakala wangu, laiti wangemuuliza Mzee Ukuta, yule angewaambia. Hivi, walikuuliza?"

"Hawakuniuliza," Lamont akasema.

"Nilijua tu. Hao hawajui thamani yako, kaka. Msalimie shemeji na watoto."

Simu ikakatika. Lamont akabaki garini na joto lote lile la Julai, madirisha yamefungwa. Aliitafuta ile furaha ya jana, hakuiona. Kilichomjia ni wivu uleule, umezidi ukali kuliko siku zote. Kijana alikuwa amepewa miguu, amepewa mikono, amepewa dari, na hata roho nzuri amepewa yeye.