Sifuri ya Mjomba

Mjomba wangu hunuka manukato na sifa. Ni mkuu wa mitambo katika kituo cha simu za magari ya wagonjwa, na mimi ni fundi wake wa mtandao. Yeye ndiye aliyeniingiza kazini, na kila nikifungua mdomo hunikumbusha. Lakini kinachonitia kinyaa zaidi ni ile sifuri yake.

Kila asubuhi ripoti huonyesha data iliyopotea njiani, na Mjomba anataka isomeke sifuri. Ni huyohuyo aliyeamuru picha za kamera zote za uwanja wa magari zipelekwe makao makuu kupitia njia ileile inayobeba simu. Njia ikajaa pomoni. Ikijaa, data husubiri zamu ndani ya ruta, mashine inayoelekeza data njiani, kwenye sehemu tunayoiita bafa. Bafa nayo ikijaa, zinazofuata hutupwa. Mjomba alipoona zinatupwa, akapanua bafa. Zikatupwa tena, akapanua tena, mpaka akaipata sifuri yake, akapita nayo ofisi hadi ofisi kifua mbele.

Nilimpigia hesabu. Chukua kasi ya njia, zidisha kwa muda wa data kwenda na kurudi: bafa haihitaji kubeba zaidi ya hapo. Yeye ameweka mara arobaini ya hapo.

"Mjomba, hazipotei kwa sababu zimekwama kwenye foleni," nilimwambia. "Sisi tunamsikia mtu vizuri, ila sauti zetu zinatoka nyuma ya foleni ya picha, yeye anatusikia tumeshachelewa. Punguza bafa, simu zitangulie, picha zikitupwa zitupwe."

"Nitupe data ya ofisi? Wewe binti umezaliwa juzi tu."

Nywila ya ruta alikuwa nayo peke yake. Nikaondoka na hasira zangu.

Jana alikuja mwanamume mmoja mapokezi, macho mekundu, shati limefungwa vifungo kombo.

"Nilipiga simu, mkanyamaza," alisema. "Mama alikuwa anatapika, amelala chali. Nikauliza nifanye nini, kimya. Nikakata, nikatoka kutafuta gari. Niliporudi alikuwa ameshapaliwa. Tumemzika."

Mjomba alileta ripoti, akaiweka mezani na kugonga kidole juu ya sifuri. "Ndugu yangu, mfumo wetu haujapoteza chochote. Soma mwenyewe."

Nilitamani kuitapikia ile karatasi, na kile kidole chenye ukucha uliopakwa mafuta.

Yule mtu hakuitazama. Aliomba kusikiliza simu yake. Dada aliyeipokea siku ile akaicheza kwenye kompyuta. Tukasikia, "Mama anatapika, nifanyeje?" na papo hapo sauti ya dada: "Mgeuze alale ubavu sasa hivi, msafishe mdomo." Kisha yule mtu, juu ya maneno hayo, "Haloo? Haloo? Mbona hawasemi?" Dada akarudia, akarudia tena, halafu simu ikakatika.

"Umesikia?" Mjomba alitabasamu. "Alijibu bila kuchelewa. Na maneno yote yalitumwa, hata moja halikupotea."

Nilimwangalia huyu mtu tunayechangia naye damu moja, nikaona aibu kuwa na pua kama yake.

Mwanamume aliinamia kompyuta, sikio karibu na spika.

"Ubavu upi?" aliuliza taratibu.

Dada alikuwa analia.

"Wa kushoto," akamjibu.